Nimebadilisha kioo cha taa, na baba mkwe hajui

Mshauri, naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana nimekaa na jambo hili wiki ya pili sasa, na jina langu sikuandikii kwa sababu kazini kwetu hakuna anayelitumia, wote wananiita Mama Radi, jina alilonipa baba mkwe wangu mwenyewe kwa mapenzi, na ndiyo maana siku hizi kila nikiitwa nasikia kama nimechomwa sindano.

Sisi ni familia ya kusaga viungo, mdalasini, pilipili manga, bizari, na karakana yetu ina vyumba vitatu tu, cha kwanza kina kinu, cha pili ndicho changu, cha tatu kina meza ya kufungashia ambapo wifi yangu ni malkia na hakuna wa kumpokonya mkasi. Mume wangu husambaza mizigo. Zamani, kabla sijaolewa humu, viungo vikishasagwa vilipitishwa kwenye tanuri ili kuua vijidudu, kwa sababu viungo huanikwa chini, upepo unapita, vumbi linapita, kuku naye anapita na hana adabu, na tanuri liliua kweli lakini liliondoka na harufu pia, mtaa mzima ukawa unanukia mdalasini, watu wakatusifu, na baba mkwe akawa anajibu kwa uchungu, "Harufu mnayoisikia hapa barabarani ndiyo ile itakayokosekana kwenye pakiti."

Ndipo tukaleta mashine ya mwanga, na mimi nikapelekwa mafunzo ya siku nne kwa sababu ndiye niliyekuwa na subira ya kusoma maelezo yake, na nakuapia mshauri, sijawahi kuona kitu kama kile. Unga unamiminika kwenye sinia refu linalotetemeka, unajitandaza mwembamba kama ganda la kitunguu, na unapopita chini ya taa, mwanga unapiga, mara tatu kwa sekunde moja, mweupe wenye ubluu ndani yake, kila pigo fupi kuliko kupepesa jicho, na sisi tunachungulia kwenye kidirisha cheusi ubavuni maana ukiutazama hivihivi unaharibu macho, halafu unga unatoka upande wa pili na unaushika, ni wa baridi, baridi kama uliotolewa kabatini, na harufu yote iko mle ndani. Siku ya kwanza nilirudisha mkono kwenye ule unga mara tatu kama mtu asiyeamini.

Maabara walituletea visahani viwili, kimoja cha unga kabla ya taa na kimoja cha unga baada ya taa, vimekaa kwenye joto siku mbili ili vijidudu viote na kuonekana. Cha kwanza kilijaa madoa kama vumbi lililopigwa na manyunyu. Cha pili kilikuwa na madoa matatu. Baba mkwe akavaa miwani akahesabu, moja, mbili, tatu, akarudi mwanzo akahesabu tena, akaketi juu ya gunia la pilipili hata wifi akamuuliza kama anajisikia vibaya. Akasema, "Miaka thelathini nimekuwa nikiwachoma wahalifu na nyumba yao. Huu mwanga unachagua." Tangu siku hiyo kila mgeni akija huvutwa mkono mpaka kwenye kidirisha cheusi, "Njoo umwone mkwe wangu anavyopiga radi."

Na kila asubuhi pakiti ya kwanza haiendi popote kabla yeye hajaifungua, akachovya ncha ya kidole, akaonja, akafumba macho, akasema neno moja tu, "Ipo." Yaani harufu ipo. Akishasema hivyo ndipo kazi inaanza.

Sasa sikia kosa langu. Kati ya taa na sinia kuna kioo kinene chenye ukubwa wa daftari la shule, kazi yake ni kuzuia vumbi lisiifikie taa, na kila jioni natakiwa kukitoa na kukifuta kwa spiriti kwa sababu unga na mafuta ya viungo hukifunika. Jioni moja, miezi miwili iliyopita, nilikishika kwa mkono wenye maji huku simu nimeibana begani naongea na dada yangu habari zisizo na kichwa wala miguu, kikaniponyoka, kikagonga ukingo wa sinki, kikawa vipande viwili kama biskuti. Kioo hicho huagizwa mbali, husubiriwa wiki nane au zaidi, na wiki ileile baba mkwe alikuwa ametoka kuwaahidi hospitali mdalasini wa kila Jumatatu. Nikavifunga vile vipande kwenye taulo nikavipeleka kwa fundi vioo wa pale kona, anayetengeneza madirisha na fremu za picha.

Akaniuliza, "Cha nini hiki, dada?"

"Cha mashine."

"Basi nipe nusu saa. Kioo ni kioo. Mradi mwanga unapita, kuna nini tena?"

Akakata, akasugua kingo, akapima, kikaingia mahali pake sawasawa kama kilizaliwa pale. Nikawasha. Mwanga ukapiga uleule, mweupe wenye ubluu uleule, tena niliona unang'aa zaidi kwa kuwa kioo kilikuwa kipya. Nikashusha pumzi. Sikumwambia mtu.

Baada ya siku chache nikagundua ile harufu ya hewa baada ya radi, ambayo ilikuwa ikitoka kwenye sinia kila nikifungua mlango wa mashine, haipo tena, nikasema labda nina mafua. Tena tuna vikaratasi vya njano vya kuweka kwenye sinia asubuhi, vikipita chini ya taa vinageuka kijani, na vyangu vikawa vinatoka njano kama vilivyoingia, nikasema boksi limeingia unyevu, nikalitupa, na sikuagiza jingine. Halafu majuzi maabara wakaleta visahani vya kipimo cha kila miezi miwili, na siku hiyo nilikuwa peke yangu mlangoni nikavipokea mimi. Mshauri, ni mapacha. Kabla ya taa madoa, baada ya taa madoa. Nimeviweka kwenye droo chini ya aproni zangu.

Nikamwonyesha wifi tu, tukiwa kwenye meza ya kufungashia.

"Wifi, hebu tazama hivi."

"Nitazame nini, si madoa tu hayo?"

"Ndiyo hivyo, madoa kote kuwili."

"Kwani nani ameumwa?"

"Hajaumwa mtu. Bado."

"Sasa unamlilia maiti ambaye hajafa." Akaendelea kukata pakiti. "Labda wameizoea hiyo radi yako. Hata mimi ulipoolewa nilikuogopa wiki nzima, nimekuzoea."

Tukacheka, mshauri, nami nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya magunia nikalia. Maana ule mdalasini wa hospitali unakwenda kwenye wodi ya watu ambao dawa kali zimewadhoofisha damu, na mpishi wao aliwahi kumweleza baba mkwe mbele yangu kwamba wagonjwa wale chakula kimewapotea ladha kabisa, mdalasini ndio harufu pekee inayowarudishia hamu, na wanaunyunyiza juu ya chakula kikiwa kimeshapikwa, kwa sababu ukipikwa harufu inakimbia. Hakuna moto tena mbele yake. Moto wake nilikuwa mimi.

Naomba unijibu, je, vijidudu vinaweza kuzoea mwanga, au ni kile kioo, na itakuwaje kiwe kioo wakati kinang'aa vilevile? Na je, siwezi kuagiza kioo cha asili kimyakimya, kikifika nikakirudisha, mambo yakaisha bila kumvunja mzee? Nikimwambia, nitaiua imani yake kwa ile taa, atarudisha tanuri, na atakuwa amerudishwa huko na mimi, aliyenipa jina. Jumatatu inakuja.

Mama Radi

MSHAURI ANAJIBU

Mama Radi, uliandika namba ya simu mgongoni mwa bahasha, kwa herufi ndogo, kama mtu anayetoroka huku akidondosha makombo ili afuatwe. Nilikufuata. Kwa hiyo wasomaji wajue kwamba jambo la kwanza tulilimaliza kwa simu dakika ileile niliyomaliza kusoma: uliwapigia hospitali, mpishi akaondoa kila pakiti yenu jikoni, na daktari wa wodi akaambiwa ili awaangalie wagonjwa wake. Hadi naandika haya hajaugua mtu. Mshukuru Mungu, lakini usijipongeze, kwa sababu nilipokuuliza kama baba mkwe anajua, ulinijibu, "Nitamwambia nikipata nafasi." Miezi miwili ulikuwa nayo nafasi. Na pakiti zilizo madukani hazitarudi bila neno lake.

Nianze na swali lako, maana ni swali zuri na lilinikosesha utulivu. Nilivuta vitabu, na pale viliponishinda nikampigia mwalimu wa fizikia, mzee mmoja mkali ambaye hufurahi sana mtu akikosea. Nilipofika kwenye fundi vioo akacheka mpaka akakohoa, kisha akaacha kucheka, kisha akanieleza.

Unaujua upinde wa mvua. Mwisho wake wa ndani ni urujuani, ile zambarau hafifu ambapo jicho linakata tamaa. Lakini mwanga haukati tamaa pale. Unaendelea kupita mpaka wa macho yetu, na huko ng'ambo kuna miale wataalamu wanayoiita urujuanimno. Sehemu yake ya mbali kabisa ndiyo inayoua. Inaingia ndani ya kijidudu, inafika kwenye ule uzi ambamo maagizo yote ya uhai wake yameandikwa, na kuyavuruga maandishi. Kijidudu hakiungui. Kinabaki palepale, na umbo lake lilelile, lakini kimesahau namna ya kuzaa. Nilipoelewa hilo niliiweka kalamu chini. Kuua bila moto, bila sumu, kwa pigo fupi kuliko kupepesa jicho, na mdalasini usijue kama kuna vita imepiganwa juu yake. Baba mkwe wako aliketi juu ya gunia. Mimi niliketi kitini, lakini nadhani tuliketi kwa sababu moja.

Na jua? Jua hutoa miale hiyohiyo. Anga juu yetu inaikata kucha kabla haijatufikia, vinginevyo hakuna jani wala mtoto angesalimika hapa chini. Kwa hiyo wazazi wetu walioanika nafaka juani walikuwa wakifanya kazi na simba aliyekatwa kucha, na bado alisaidia. Taa yenu inamrudishia kucha. Ndiyo sababu imefungiwa ndani ya sanduku la chuma.

Sasa kile kioo ulichovunja. Kilikuwa mchanga mtupu uliosafishwa mpaka ukabaki wenyewe, ukayeyushwa kwenye joto kali lisilo la kawaida, na huo ndio uwazi ambao miale ile inaukubali. Kioo cha dirisha ni mchanga uliochanganywa magadi na chokaa. Kwa jicho vinafanana kama maji na maji. Kwa miale ile, kimoja ni mlango na kingine ni ukuta. Unakumbuka kile kidirisha cheusi mnachochungulia? Kinazuia miale isiwachome macho. Kioo cha fundi wako kilifanya kazi ileile, ila mahali pengine. Kwa miezi miwili, Mama Radi, umekuwa ukiwavisha vijidudu miwani.

Vijidudu havikuzoea chochote. Mashine haikukosea hata siku moja. Na hapa naomba niwageukie wale watakaoikata safu hii na kuibandika ukutani kama ushahidi kwamba mitambo mipya ni ulaghai: msijisumbue. Hata wenzao wanaoutangaza mwanga huu kana kwamba ni malaika, nao wakae kitako. Mwanga huu unaua kile tu unachokifikia. Punje iliyojificha kwenye kivuli cha punje nyingine inapona, ndiyo maana sinia linatetemeka na unga unatandazwa kama ganda la kitunguu. Hata siku ile njema yalibaki madoa matatu. Ni ajabu kubwa yenye masharti madogo, na anayedharau masharti hana haki ya kushangilia ajabu.

Fundi vioo simlaumu. Alisema kioo ni kioo kwa sababu hakuambiwa kinachopita pale ni nini. Wewe ulisoma siku nne. Ulikuwa na mashahidi watatu: pua yako ilisema harufu ya radi imepotea, karatasi ilisema miale haifiki, maabara ikasema vijidudu viko hai. Ukaipa pua mafua, ukaitupa karatasi, ukaifungia maabara kwenye droo. Ukamwamini shahidi wa nne, jicho, ambaye katika shauri hili ndiye kipofu peke yake.

Na wifi yako, mwambie namsalimu. "Kwani nani ameumwa?" Nimeishi miaka ya kutosha kulisikia swali hilo likitoka kwenye kila ofisi ambayo baadaye ilivaa nguo nyeusi. Linasemwa kwa utulivu, mkasi mkononi, na mtu mwema kabisa. Usalama wa chakula haupimwi kwa kuhesabu wagonjwa, wifi. Mgonjwa akipatikana, kipimo kimeshachelewa. Na sisemi haya kwa kukuchukia. Utani wako ulinichekesha nami, na hapo ndipo ubaya ulipo.

Turudi kwako. Unasema utaiua imani ya mzee. Imani ipi? Umenieleza mwenyewe kwamba alipoona madoa matatu alirudi mwanzo akahesabu tena. Mtu anayehesabu mara mbili hajakaa kwa imani, amekaa kwa akili, na akili haivunjiki kwa kuambiwa ukweli, hiyo ndiyo lishe yake. Aliyegeuza taa kuwa imani ni wewe. Ulistaajabu, jambo jema, nami nimestaajabu. Lakini mshangao wako uliishia kwenye mng'ao. Laiti ungestaajabu zaidi, ungeuliza inakuwaje, na kabla hujapata jibu fundi vioo angekuwa amefunga duka.

Kuagiza kioo kimyakimya, hapana. Kitafika, utakiweka, taa itafanya kazi, na wewe utaanza kuogopa kila sauti ya sahani ikianguka. Halafu kitavunjika kingine, kwa sababu vioo huvunjika, na safari hiyo atakivunja wifi, na wifi atakuwa amejifunza kwako namna ya kufanya.

Fanya hivi, kesho, kabla kinu hakijawashwa. Toa kile kioo cha dirisha. Toa visahani chini ya aproni. Toa na vile vipande viwili kwenye taulo, maana ninajua hujavitupa, mtu wa aina yako hatupi. Mzee akija kuonja pakiti ya kwanza, mzuie mkono. Mwambie, "Baba, usionje. Harufu ipo, taa haipo." Umwoneshe vyote kwa mpangilio uliotokea, bila kujitetea kwa kumtaja dada yako wala simu wala hospitali iliyokuwa ikisubiri. Kisha unyamaze ukae naye mpaka aseme analosema. Anaweza kukasirika. Anayo haki, amekuwa akichovya kidole kwenye unga ule kila asubuhi kwa miezi miwili, na ulimi hauna namna ya kuonja kijidudu. Anaweza kukuondoa kwenye chumba cha taa. Nacho ni chumba chake.

Baada ya hapo pakiti zote za miezi hiyo zirudi, mume wako azifuate duka kwa duka, na wenye maduka waambiwe sababu. Tanuri liwashwe mpaka kioo kifike. Mtaa utanukia, watu watawasifu, vumilieni. Hospitali wasipelekewe kitu mpaka maabara waseme, kwa maandishi. Vioo viagizwe viwili. Boksi jipya la vikaratasi likae juu ya meza ya kufungashia, mbele ya wifi, yeye ndiye awe wa kutazama rangi kila asubuhi, na bila kijani asifunge pakiti hata moja. Mtu asiyeshtuka upesi ndiye wa kupewa kazi hiyo, mradi kazi yenyewe imwambie lini ashtuke.

Jina lako usilikatae. Radi unayoisikia angani imeshakupita, inayoua ni ile ambayo hukuisikia, kama miale ile ambayo jicho haliioni. Ulikuwa umelibeba jina kubwa bila kulijua.

Na siku kioo kitakapofika, kama mzee atakuruhusu kukiweka kwa mikono yako, nawa, kausha vidole, zima simu. Weka karatasi ya njano kwenye sinia. Mwite mzee, mwite wifi, simameni wote mwisho wa mashine, pale unga unapotokea. Washa. Kidirisha cheusi kifunikeni kitambaa. Msiitazame taa. Itazameni karatasi.